Neno Hilo Hatuna Hapa

Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1908. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka kwenye migomba ya kituo cha misheni, na mvua nyembamba ilinyesha bila sauti, mvua ya kulowesha blanketi pasipo mwenyewe kutambua. Ukisimama barazani hukuweza kuuona mto Naura; uliusikia tu.

Lesikar, Mwarusha wa mteremko ule, alifika akichechemea, akaketi juu ya sanduku la misumari, akaunyosha mguu wake wa kushoto. Hakubisha hodi, kwa maana hakuwa mgeni. Kwa miezi miwili sasa, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mmisionari alikiosha kidonda chake cha muundi kwa maji ya moto na dawa, kisha akakifunga kwa kitambaa safi. Lesikar naye alilipa kwa maneno. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yao: kitambaa kimoja, neno moja la Kimaa, lugha ya Waarusha na Wamaasai.

Mmisionari huyo aliitwa Gottfried Hartung, kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wa fundi viatu kutoka Saksonia. Alikuja kukaa kwa Waarusha mwezi wa Julai mwaka ule ule. Jina lake liliwashinda watu. Mwalimu Eliasi, Mchaga wa Machame aliyetumwa pamoja naye kufundisha kusoma, aliligeuza likawa Hatungi, na kila alipolitamka alitabasamu peke yake, kwa kuwa alikijua Kiswahili vizuri. Maana Bwana Hatungi hakuwa na kazi aliyoipenda kuliko kutunga. Alitunga nyimbo akichota maji, alitunga akipanda viazi, alitunga juu ya nyumbu mpaka nyumbu akasimama kusikiliza.

"Leo nataka neno la asali," alisema akifungua kitambaa cha jana. "Asali ikiwa kinywani, mnasema ikoje?"

Lesikar alitazama ukungu. Akasema kwa Kimaa maneno ambayo maana yake ni "laini kooni".

"Hapana, hiyo ni laini. Mimi nataka tamu." Hartung akajifuta mikono, akachukua daftari lake. "Mmisionari mmoja wa zamani, wa kule Kilimanjaro, aliniandikia. Hili hapa. Melok. Ndiyo tamu, sivyo?"

Lesikar akaurudisha mguu wake kama aliyechomwa.

"Neno hilo hatuna hapa."

"Wamaasai wote wanalo!"

"Wanalo wao. Hapa hatuna."

"Lesikar. Mna neno la ng'ombe mwenye pembe zilizoinama mbele, na neno lingine la mwenye pembe zilizoinama nyuma. Neno la utamu ndilo mlilokosa?"

"Tulikuwa nalo," Lesikar alisema. "Sasa hatuna. Funga mguu, Bwana Hatungi, nzi wanakuja."

Hartung akacheka. Alikuwa na sababu yake ya kutoamini. Mwezi wa Septemba alikuwa amemwuliza Lesikar jinsi ya kuwaambia watu waketi, na Lesikar akampa neno wanalotumia wachungaji kuwalaza mbuzi. Jumapili hiyo kijana akasimama mbele ya watu wote, akapanua mikono yake kwa upole, akawaamuru wajilaze wacheue. Wazee walicheka mpaka fimbo zikawaanguka. Kwa wiki nzima watoto wakimwona njiani walijitupa majanini na kulia kama mbuzi. Lesikar alipoulizwa, alijibu, "Mwanamume wa umri wako, huna mke, huna ng'ombe, huna hata kuku. Nilitaka uwe angalau na mbuzi."

Basi asubuhi ile ya ukungu Hartung alijiambia: ananichezea tena, lakini safari hii hanipati. Akaufunga mguu, akamshukuru, na katika daftari lake akaliandika neno *melok* kwa wino mweusi, akalipigia mstari mara mbili.

Wimbo uliisha siku ya Ijumaa. Aliutoa katika zaburi ile inayolisifu neno la Mungu kuliko asali, akautia katika sauti ya wimbo wa mavuno wa kwao. Mwimbishaji aliuliza neno la Mungu likoje, na watu wote wakajibu kwa nguvu, mara tatu: Melok! Melok! Melok! Ulikuwa wimbo mzuri, na tusimnyime haki yake. Eliasi, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliusikiliza mara mbili, akasema, "Kumbe Hatungi anatunga."

Miongoni mwa watu waliokuja kituoni alikuwapo mwanamke mmoja aitwaye Simaloi, mjane wa miaka kama thelathini na mitano. Alitangulia wanawake wote wa Kiarusha wa pande zile kuomba ubatizo. Alikuja kila siku kabla ya umande kukauka, akaketi karibu na mlango, akasikiliza mikono yake ikiwa imetulia magotini. Habari moja ya Injili aliomba isomwe tena na tena, habari ya binti Yairo, yule aliyekufa akiwa na miaka kumi na miwili, na Bwana akaingia, akamshika mkono, akamwambia ainuke. Mara ya tatu aliuliza, "Alimshika mkono wa kulia au wa kushoto?"

Hartung alitabasamu, akasema Maandiko hayasemi.

"Basi aliyekuwapo angesema," Simaloi alijibu. "Mama yake alikuwapo. Mngemwuliza mama."

Kijana aliliandika swali hilo katika barua ya kwenda kwao kama jambo la kufurahisha. Hakujiuliza kwa nini mtu aulize jambo kama hilo. Baadaye, alipokuwa mzee, hata waliokula naye walimjua kwa kimya cha ghafla kilichomjia akisoma sura ile.

Jumapili tarehe 15 jua lilitoka. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kuujua wimbo na kuutangaza. Hartung aliuanzisha. Aliuliza neno la Mungu likoje, na watoto wakajibu kwa sauti ya kupasua paa.

Watu wazima hawakujibu. Wanawake wawili walijifunika midomo. Simaloi aliinuka, akatoka nje, wala hakugeuka.

Hartung alidhani mama yule anaumwa. Jumapili iliyofuata, watoto walipotamka neno lile mara ya kwanza tu, Simaloi aliinuka tena. Hapo kijana akaona uchungu. Ulikuwa wimbo wake, na aliyetoka alikuwa mwanafunzi aliyemtumainia kuliko wote. Akaunyamazisha wimbo, akamwita mbele ya watu.

"Simaloi! Neno la Mungu ni chungu kwako?"

Akasimama mlangoni. "Si chungu, Bwana."

"Likoje, basi?"

"Ni laini kooni."

Watoto wakacheka, maana hilo silo jibu la wimbo. Hartung akahisi damu ikimpanda masikioni. Alikumbuka mbuzi. Akaona kwamba wote wanamchezea, Lesikar na mwanamke huyu, na pengine kijiji kizima.

"Mwezi ujao nitaandika majina ya watakaobatizwa," alisema. "Asiyeweza kulikiri neno hili dogo mbele ya watu, jina lake nitaliandikaje? Sema kama watoto walivyosema. Sema: melok."

Simaloi alifungua kinywa chake. Midomo ilikutana kama ya mtu anayeanza herufi ya kwanza, ikabaki hivyo. Kisha akatoka. Mwanamke mmoja akamfuata, na mwingine, na baada yao wazee, mmoja mmoja, bila ghadhabu, kama watu wanaoondoka msibani. Walibaki watoto, na Eliasi, na Hartung mwenye kitabu mkononi.

Jumatatu Lesikar hakuja. Jumanne maji ya moto yalipoa katika sufuria. Siku ya Jumatano Hartung akatia dawa na vitambaa katika mfuko, akaenda kumtafuta. Njia ilivuka mfereji wa kunyweshea mashamba ya migomba. Gogo la kuvukia lilikuwa limelowa, naye akaanguka mpaka kiunoni. Alifika kwa Lesikar akiwa na tope hadi kifuani.

"Karibu," Lesikar alisema mlangoni pake. "Naona leo umejibatiza mwenyewe." Lakini hakucheka, na kwa kawaida alicheka kabla ya wote.

Hartung alipiga magoti, akakifungua kidonda. Kilikuwa kimeanza kunuka tena. Akakiosha. Alipomaliza akauliza, "Nimekosa nini?"

"Nilikuambia neno hilo hatuna."

"Nilidhani ni utani kama ule wa mbuzi."

"Hilo nalo ni kosa langu," Lesikar alisema. "Mtu akidanganya katika mchezo, siku ya kweli anakosa wa kumwamini." Akavuta blanketi lake. "Sikiliza. Siwezi kukuambia waziwazi, kwa hiyo utumie akili. Kwetu mwanamke akizaa, huitwa mama wa fulani. Huyu Simaloi, mwanamke mzima, mbona kila mtu anamwita kwa jina lake la usichana?"

"Nilidhani hakujaliwa mtoto."

"Alijaliwa. Mmoja. Aliondoka mvua za masika zilizopita, kabla hujaja. Homa ya siku nne." Lesikar akainua vidole vinne, akavikunja. "Kwetu mtoto akiondoka, jina lake linaondoka naye. Hatuliiti tena katika boma lile. Na kama jina limetoka katika neno la kila siku, neno hilo nalo tunaliacha, tunatafuta lingine. Tunasema laini kooni. Si kitu kigumu. Watu wote wa mteremko huu wanafanya hivyo kwa ajili ya mama mmoja, miezi minane sasa. Hata walevi hawajakosea."

Hartung akafungua daftari lake, likiwa limelowa pembeni. Pale alikuwa ameandika majina ya wasichana wa shule na maana zake. *Namnyaki: aliye na bahati.* Alitazama herufi mbili za mwanzo za jina hilo, zinazosema "aliye", kisha akaligeukia lile neno lenye mistari miwili chini yake. Midomo yake ikaanza kuyaunganisha. "Na—"

Lesikar akamziba kinywa kwa kiganja.

"Ukimwita mtoto, mtoto huja," alisema. "Huyu hawezi kuja. Sasa unamwitia nini? Nawe ukamwambia mama yake amwite mbele ya watu. Ukawafundisha watoto wamwite mara tatu tatu."

Wakati ule ule, chini kwenye mfereji, wasichana waliokuja kuteka maji walikuwa wanaimba. Walikuwa wanaimba vizuri.

Hartung alimtafuta Simaloi siku hiyo hiyo, akaikuta nyumba yake imefungwa. Jirani alimwambia kwa ufupi kwamba alikuwa amekwenda kwa kaka yake Lerionka, ng'ambo ya mlima, Oldonyo Sambu. "Kule hawajaujua wimbo wako," alisema. "Bado."

Hartung aliwakataza watoto. Mwenye kulea watoto anajua kilichofuata: waliuimba zaidi, sasa kwa kunong'ona, wakicheka, wakichunga mbuzi na wakisukumana kwenye bembea. Neno likiwa kitabuni unaweza kulifuta. Likiwa vinywani mwa watoto sitini limekwisha kuwa la upepo.

Akamwandikia msimamizi wake, aliyekaa kituo kingine, siku mbili kwa miguu. Alieleza yote bila kujitetea, akaomba ruhusa auondoe wimbo. Jibu lilikuja haraka. Msimamizi aliandika kwamba walikuja kuuvunja woga wa wafu, si kuutungia nyimbo. Mama huyo akifundishwa ufufuo, atalitamka jina kwa furaha. Wimbo uendelee. Yeye mwenyewe angekuja Krismasi kuusikiliza, kwa kuwa sifa zake zimemfikia.

Kijana aliisoma barua mara tatu. Hakuona kosa katika mafundisho ya msimamizi. Yeye pia aliuamini ufufuo, na kwa ajili yake alikuwa ameacha nchi yake. Akaenda nyuma ya nyumba, mahali alipozoea kuomba, penye jiwe bapa kati ya migomba, akapiga magoti. Maneno hayakuja. Kila sentensi aliyoianza ilikuwa ya kujieleza, naye alijua kwamba Mungu hakuwa amemwomba maelezo. Akanyamaza, na katika kunyamaza huko akaikumbuka karakana ya baba yake. Ukutani zilitundikwa kalibu za mti, kila moja ikiwa na umbo la mguu wa mtu fulani. Kulikuwa na moja ndogo, ya dada yake Lisbeti, aliyekufa kwa kifaduro akiwa na miaka mitano. Baba hakuitumia tena. Hakuitupa, hakuishusha, hakuitaja. Wateja walileta watoto wenye miguu sawasawa na ile, na baba akachonga kalibu mpya kila mara. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuna mchungaji aliyewahi kumwambia kwamba anaogopa wafu.

"Bwana," hatimaye kijana alisema, "nimelitumia neno lako kumpiga mwanamke." Hakuwa na zaidi, akainuka.

Waliondoka Alhamisi tarehe 3 Desemba, yeye na Lesikar. Kwa kuwa mguu wa Lesikar haukuweza safari ndefu, Lesikar alipanda nyumbu na Hartung akatembea mbele akishika kamba. Walipopita Ngaramtoni siku ilikuwa ya soko, na wanawake wakaweka chini mizigo yao ili wacheke vizuri.

"Tazameni! Mdachi anachunga, Mwarusha anapanda!"

"Lesikar, umemnunua wapi huyo?"

"Nilimwokota mferejini," Lesikar alijibu kutoka juu. "Hali sana, ila anaimba."

Kwa Hartung kicheko kile kilikuwa chepesi kuliko kimya cha kituoni. Walilala kwa mtu wa ukoo wa Lesikar, pamoja na ndama, na kesho yake alasiri wakatokea upande wa kaskazini wa mlima, ambako migomba huisha na nchi hufunguka ikawa majani na miiba na vumbi jepesi. Kabla ya kufika kwa Lerionka, Lesikar alisimamisha nyumbu.

"Chuma majani mabichi, kwetu ndiyo alama ya anayekuja kwa amani. Yashike kwa mkono wa kulia. Usiyaachie. Na usiombe msamaha."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha una mwenyewe. Akitaka ataleta. Wewe sema ulichofanya na utakachofanya, basi."

Lerionka alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura, mwenye kovu kwenye shavu. Alikuwa ameketi na wazee watatu kivulini mwa ukuta wa zizi. Alimtazama kijana, akayatazama majani.

"Huyu nyumbu amefunga?" aliuliza. "Au majani hayo ni ya nani?"

"Ni ya kwako, mzee," Hartung alijibu kwa Kimaa chake kibovu. "Shikamoo" hakuwa nayo katika lugha ile, akainamisha kichwa kama vijana wa pale wanavyowainamia wazee. Lerionka, baada ya kusita kidogo, akamwekea kiganja utosini.

Simaloi alikuwa mlangoni pa nyumba ya wifi yake akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijiti chenye moto. Hakuacha kazi yake. Moshi mwembamba ulitoka katika mdomo wa kibuyu.

Hartung alisema alichofanya. Alikisema chote: daftari, mistari miwili, jinsi alivyoambiwa akakataa, jinsi alivyomsimamisha mbele ya watu. Mahali Kimaa kilipomshinda alisema kwa Kiswahili na Lesikar akatafsiri. Neno lenyewe hakulitaja, wala Lesikar hakulitaja. Wazee walisikiliza. Mmoja alitema mate kando, si kwa baraka.

Simaloi akaweka kibuyu chini.

"Ningeweza kulitamka," alisema. "Ulimi ninao. Ningelitamka, watoto wangeshangilia, wewe ungeandika kitabuni mwako. Kisha mimi ningerudi nyumbani na nani?"

Akakizima kijiti chake vumbini.

"Watoto bado wanaimba?"

Angeweza kusema hapana. Eliasi alikuwa amemshauri aseme wanaacha kidogo kidogo. "Wanaimba," alisema. "Niliwakataza, wakazidi."

Simaloi akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo. "Watoto ni watoto. Wangu naye angeimba. Angekuwa wa mbele."

"Nitalibadili neno," kijana alisema upesi. "Nitatia lile mnalosema ninyi. Laini kooni. Nimejaribu, linaingia vizuri katika—"

"Sauti itakuwa ile ile?"

"Ile ile."

"Basi sikio langu litatia neno la kwanza lenyewe. Bwana, ukitoa maiti ndani ya nyumba ukaweka mtungi mahali pake, mimi nitaona mtungi?"

Wazee wakaguna kukubali. Hartung alitazama majani mkononi mwake. Yalikuwa yameanza kunyong'onyea kwa joto. Alielewa kwamba wimbo wote lazima ufe, na haukuwa jambo dogo kwake. Katika miezi yote ile, katika mahubiri yote aliyoyatoa kwa kigugumizi, wimbo ule ndio kitu pekee watu walichokipenda. Alikuwa amejiona akiusikia Krismasi, msimamizi wake akiwa kando yake. Aliona haya kwamba hata sasa, mbele ya mama huyu, moyo wake uliulilia wimbo.

"Watoto hawaachi wimbo kwa kukatazwa," Lesikar alisema kwa ukavu. "Wanaacha wakipata mzuri zaidi. Haya, Hatungi. Tunga."

Simaloi alikuja karibu zaidi, akasimama hatua tatu mbele ya kijana. "Maji yale ya ubatizo niliyataka," alisema. "Bado nayataka. Sikuja kituoni kwa chumvi wala kwa nguo. Lakini siwezi kukaa mahali ambapo mtoto wangu anaitwa kila asubuhi na haji. Mvua hizi zitaisha, na za masika zitakuja. Nitakuwa ninatuma mtu akae mferejini asikilize. Siku atakaporudi akaniambia ni kimya, nitafikiri. Sijasema nitakuja. Nimesema nitafikiri."

"Inatosha," Hartung alisema. Haikutosha, na kila mtu pale alijua, naye zaidi ya wote. Krismasi ile jina la Simaloi lisingesomwa. Pengine na Pasaka. Mama aliyekuwa wa kwanza kuomba, angekuwa wa mwisho, au asiwepo kabisa, na sababu ilikuwa kijana mmoja aliyeona haya kuchekwa mara ya pili.

Lerionka akanyosha fimbo yake, akagusa ardhi mbele ya miguu ya Hartung.

"Maneno ya kuambiwa pembeni huliwa na mbuzi," alisema. "Nimesikia mna wakubwa wenu. Huyo mkubwa akija, akisema, kijana, imba wimbo ule, utafanyaje?"

Lesikar alianza kutafsiri, lakini Hartung alikuwa ameelewa. Alifikiri juu ya barua iliyokuwa mfukoni mwake. Alifikiri kwamba anaweza kurudishwa kwao, na kwamba baba yake angemwuliza sababu, na kwamba baba yake, labda, asingehitaji kuelezwa sana.

"Sema kwa sauti," Lerionka alisema. "Wasikie na walio zizini."

Wachungaji wawili waliacha kukamua, wakaja ukutani. Wifi yake Simaloi akatoka mlangoni. Kijana akayainua majani, akasema polepole, kwa Kimaa kadiri alivyoweza, na Lesikar akasimama karibu naye bila kumsahihisha hata mara moja:

"Mimi Gottfried, mwana wa Hartung, nasema mbele ya Lerionka na wazee hawa, mbele ya Lesikar, na mbele ya Simaloi, na Mungu ananisikia. Wimbo ule sitauimba tena, wala hautaimbwa mahali nilipo mimi. Nitawatungia watoto mwingine, na mwingine tena, mpaka wausahau. Mkubwa wangu akija akaniamuru, nitafunga kitabu mbele yake, hata akinirudisha kwetu. Jina la mtoto huyu liko kwa Mungu, na siku atakapoliita Yeye, mtoto ataitika. Mimi sitaliita."